Jicho Huchelewa: Kutoka Kilima cha Nyota cha Johannesburg hadi Kibendera cha Kuotea



Naanza na kosa langu mwenyewe, maana nisipolisema hilo kwanza, haya mengine yote yataonekana ni maringo ya mtu aliyesoma. Mwaka 1989, nikiwa kijana, nilishika kibendera katika mechi moja ya mchangani pale Ngamiani, Tanga. Wanaoijua Tanga ya miaka ile watanielewa. Coastal Union walikuwa wametwaa ubingwa wa ligi mwaka 1988, na mji mzima ulikuwa bado umelewa mpira. Hata mechi ya vijana wa barabara ya 9 na wa barabara ya 14 ilijaza watu kama fainali. Tuko sare, dakika zinayoyoma, kiungo akapiga pasi ndefu, na straika mmoja, rafiki yangu niliyesoma naye darasa moja, akachomoka nyuma ya beki na kufunga. Mimi kibendera kilikuwa juu zamani. Nilimwona kwa macho yangu mawili: mpira unaondoka mguuni kwa kiungo, yeye yuko mbele ya beki kwa karibu mita nzima. Goli likakataliwa.

Ikawa kesi. Eti nimekula rushwa. Nawahakikishia, waungwana, hata soda sikupewa. Lakini jina la mla rushwa likanigandama, na yule rafiki yangu hakunisemesha kwa miaka mingi. Mimi nami nikakaza shingo, kwa sababu nilikuwa nimeona. Mtu akishasema "nimeona kwa macho yangu", kwetu sisi shauri limekwisha.

Baadaye maisha yakanipeleka Ujerumani, nikaandika tasnifu ya uzamivu kuhusu saikolojia ya kuona, kisha nikaja kufundisha hapa Afrika Kusini. Sikuchagua fani hii kwa sababu ya lile goli, au labda nilichagua, sijui. Ninachojua ni kwamba kila nikifika kwenye mhadhara wa jinsi ubongo unavyokadiria mahali kilipo kitu kinachokwenda, sauti za Ngamiani zinanirudia.

Shida yenyewe ni rahisi kuieleza. Mwanga ukigonga nyuma ya jicho, haugeuki papo hapo kuwa picha akilini. Kuna kazi ya kemia ndani ya retina, kisha ujumbe unasafiri kwa mishipa ya fahamu, unapita vituo kadhaa, mpaka kwenye gamba la ubongo. Kwa makadirio ya kawaida safari hiyo inakula hadi sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa kitu kilichotulia, kama kikombe mezani, haina neno. Lakini mchezaji anayekimbia mita 8 kwa sekunde anakuwa amekwenda sentimita 80 katika muda huo. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa linakuwa limesogea zaidi ya mita moja na nusu. Sasa swali: tunapokitazama kitu kinachokwenda, tunakiona mahali kilipo, mahali kilipokuwa, au mahali ubongo unapodhani kimefika?

Historia ya swali hili ina mguu mmoja hapa Johannesburg, na wenyeji wengi wa mji huu hawaijui. Upande wa mashariki wa katikati ya mji kuna mtaa unaoitwa Observatory, jirani kabisa na Yeoville ambako siku hizi utasikia Kiswahili cha Lubumbashi na Bukavu kikinadi viazi na vitenge. Mtaa ulipata jina kutokana na kituo cha falaki kilichojengwa juu ya kilima chake. Kilianza mwaka 1903, mwanzoni kama kituo cha hali ya hewa cha Transvaal, chini ya Mskochi mmoja, Robert Innes. Bwana huyu nampenda, nasema wazi. Aliacha shule akiwa mtoto, akafanya biashara ya mvinyo huko Sydney, na nyota akajifundisha mwenyewe. Mwaka 1896 akapata kazi ya ukarani kwenye kituo cha falaki cha Cape, na miaka 7 baadaye akapewa Johannesburg aiongoze. Kwa wenzangu tunaohesabu vyeti kama rozari, hiyo ni habari ya kutafakari.

Mwaka 1915 Innes alichukua mabamba mawili ya picha za eneo moja la anga la kusini, karibu na nyota ya Alpha Centauri, moja la 1910 na jingine la 1915, akayaweka kwenye mashine iitwayo ya kupepesa. Mashine hii inakuonyesha mabamba mawili kwa zamu, kupitia tundu moja la kutazamia: hili, lile, hili, lile, harakaharaka. Nyota zilizo palepale zinatulia. Ile iliyohama inarukaruka, huku na huku, na jicho haliwezi kuikwepa. Kati ya maelfu ya nukta, Innes akaona moja hafifu inaruka. Ilikuwa imesogea kama sekunde 19 za pembe kwa miaka 5, yaani takriban sehemu moja ya mia ya upana wa mwezi tunaouona. Leo tunaijua kwa jina la Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote ukiliacha jua, umbali wa miaka ya nuru 4.24.

Nataka tusimame hapa kidogo. Mwendo halisi wa nyota ile hakuna binadamu aliyewahi kuuona. Ni mdogo na wa polepole mno kwa jicho. Alichokiona Innes ni mruko, na mruko huo haukuwamo kwenye bamba lolote kati ya yale mawili. Mabamba yametulia, nukta zimetulia. Mruko aliutengeneza yeye, ndani ya kichwa chake. Miaka 3 tu kabla, mwaka 1912, Max Wertheimer alikuwa amechapisha huko Frankfurt utafiti wake maarufu kwamba ukionyesha mistari miwili kwa zamu, kwa mwachano unaofaa wa wakati, mtu haoni mistari miwili, anaona mmoja unaohama. Sinema yote imesimama juu ya jambo hilo. Ubongo haungoji kuletewa mwendo, unauunda.

Na aliyebuni mashine ile ya kupepesa ni nani? Carl Pulfrich, wa kampuni ya Zeiss mjini Jena, mwaka 1904. Watu wa fani yangu tunamjua Pulfrich kwa jambo jingine kabisa. Kulikuwa na chombo chake kingine cha kupimia picha kwa macho yote mawili, kila jicho na bamba lake, na watumiaji wakawa wanalalamika: ukikisogeza kialama cha kupimia kushoto na kulia, kinaonekana mara kinakaribia, mara kinarudi nyuma, wakati hakijasogea mbele wala nyuma hata unywele. Mwenzake wa hapo Zeiss, Ferdinand Fertsch, akang'amua kisa chake: bamba moja lilikuwa na giza kuliko jingine, na jicho linalopata mwanga mdogo hupeleka habari zake kwa kuchelewa. Pulfrich akaandika hayo mwaka 1922, akampa Fertsch haki yake, na jambo likabaki na jina la Pulfrich (ndivyo dunia ya wasomi ilivyo). Mwenyewe hakuweza kuliona hata siku moja, maana jicho lake moja lilikuwa limepofuka tangu 1906.

Jaribio lake halihitaji maabara. Funga ufunguo kwenye uzi, mwambie mtoto auning'inize mbele yako kama hatua tatu na kuubembeza kushoto na kulia, kwenye mstari ulionyooka. Sasa chukua miwani ya jua, ziba jicho moja tu kwa kioo chake kimoja, jingine liache wazi, na utazame kwa macho yote mawili. Ufunguo utauona unazunguka, kama unachora yai hewani. Kioo kikiwa jicho la kushoto, ukienda kulia utaonekana mbali, ukirudi kushoto utaonekana karibu nawe. Jicho la kivulini linauona pale ulipokuwa kitambo kidogo nyuma, lile jingine linauona mbele zaidi, na ubongo, ukikuta picha mbili zisizolingana, unafanya ulichozoea: unazigeuza kuwa umbali. Nimewaonyesha wanafunzi wangu kwa miaka mingi, na bado kila darasa kuna mmoja anayekwenda kukagua uzi.

Lakini kesi ya zamani zaidi, na iliyomuumiza mtu, ni ya Greenwich. Nevil Maskelyne, mwanafalaki mkuu wa mfalme wa Uingereza, alikuwa na msaidizi kijana aitwaye David Kinnebrook. Kazi yao ilikuwa kusoma saa ambayo nyota inapita uzi mwembamba uliotandikwa ndani ya darubini. Ilifanywa kwa jicho na sikio: unasikiliza saa ya ukutani ikigonga, unakariri mahali nyota ilipokuwa kwenye mgongo mmoja kabla ya uzi na mgongo mmoja baada yake, kisha unagawa kwa kadirio lako mpaka sehemu ya kumi ya sekunde. Mwaka 1795 Maskelyne akaona kijana anachelewa nusu sekunde. Akamwonya. Kijana akajitahidi, na kufika Januari 1796 akawa anachelewa sehemu 8 za kumi za sekunde. Akafukuzwa kazi. Kinnebrook alifariki mwaka 1802, umri wake miaka 30.

Angalieni mantiki yake: mkubwa anasoma hivi, mdogo anasoma vile, kwa hiyo mdogo amekosea. Haikumpitia mtu yeyote akilini kuuliza kama jicho la Maskelyne lenyewe linasema kweli. Ikabidi wapite miaka 20 na zaidi hadi Friedrich Bessel, huko Königsberg, aliposoma habari ile na kushtuka. Bessel hakuona uzembe hapo. Akaanza kujilinganisha na wanafalaki wenzake, watu wazima wenye sifa zao, na akakuta anapishana nao kwa zaidi ya sekunde nzima! Tofauti kubwa kuliko ile iliyomfukuzisha kazi Kinnebrook. Kwa hiyo kila mtazamaji ana kuchelewa au kuwahi kwake, na wanafalaki wakaanza kukipima kwa kila mtu na kukitoa kwenye hesabu. Wakakiita mlinganyo wa mtu binafsi. Sehemu kubwa ya saikolojia ya maabara ya karne ya 19 ilichipukia hapo.

Mseme mgongo wa saa na nyota inayopita, ndio mseme pia mguu unaopiga mpira na straika anayekimbia. Ni kitendawili kilekile: tukio la mara moja, na kitu kinachokwenda, na wewe useme kilikuwa wapi tukio lilipotokea. Mwaka 1958 Donald MacKay aliandika katika jarida la Nature jinsi vitu vinavyong'aa vyenyewe vinavyoonekana kujitenga na vile vinavyomulikwa kwa mimweko. Jambo likalala. Mwaka 1994, katika jarida hilohilo, Romi Nijhawan akaliamsha kwa jaribio safi: kitu kinakwenda bila kusita, na mmweko unawaka kwa nukta ya wakati pembeni yake, sambamba kabisa. Watazamaji wote wanasema mmweko umeachwa nyuma. Kitu kinachokwenda kinaonekana kimeshatangulia.

Maelezo ya Nijhawan yalikuwa ya kuvutia: ubongo unajua umechelewa, kwa hiyo unakisukuma kitu mbele kwenye njia yake ili kufidia, mmweko haukutarajiwa, hivyo haufidiwi. Wengi wetu tuliipenda nadharia hii kwa sababu inaeleza mtu anavyodaka mpira. Ila ina tatizo. Kitu kikisimama ghafla au kugeuka papo hapo mmweko unapowaka, ingetakiwa tukione kimepitiliza, kisha kinarudi. Hatukioni hivyo. David Whitney na Ikuya Murakami walilionyesha hilo mwaka 1998 kwa kitu kinachogeuka, wakasema pengine kitu kinachokwenda hushughulikiwa haraka kuliko mmweko. Mwaka 2000 David Eagleman na Terrence Sejnowski wakaja na jibu jingine kabisa: ubongo unangoja kidogo, chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, unatazama kilichotokea baada ya mmweko, ndipo unaamua ulikiona wapi wakati wa mmweko. Yaani tunaandika sasa hivi, tukiweka tarehe ya nyuma. Mabishano hayajaisha, na mimi mwenyewe nimebadili msimamo mara mbili. Siku hizi nadhani njia zaidi ya moja zinafanya kazi pamoja, jibu ambalo wanafunzi hawalipendi.

Mwaka 2002 Marcus Baldo na wenzake wawili wa Brazil (nani mwingine, kama si Wabrazil?) wakaandika kwamba jambo hili ndilo linalowaponza washika vibendera. Pasi ni mmweko. Straika ni kitu kinachokwenda. Mshika kibendera anamwona straika mbele ya alipokuwa kweli, ananyanyua kibendera kwa mtu ambaye hakuotea. Nilipoisoma makala ile nilifunga kompyuta, nikaenda kutembea.

Kabla yao, mwaka 2000, Waholanzi wakiongozwa na Raoul Oudejans walikuwa wametoa sababu nyingine, ya pembe tu. Mshika kibendera mara nyingi hayuko sambamba kabisa na beki wa mwisho. Akiwa mbele au nyuma kidogo, mstari wake wa kutazamia unakata mshazari, na mtu aliye upande wa mbali wa uwanja anahamia mahali pasipo pake. Zote mbili zina ukweli. Na si kosa la washamba wa mchangani peke yao: uchunguzi wa Werner Helsen na wenzake kuhusu Kombe la Dunia la 2002 ulikuta takriban robo ya maamuzi ya kuotea waliyoyachambua yalikuwa na makosa. Hao ni waamuzi bora wa dunia.

Sasa turudi Johannesburg. Usiku wa Juni 27, 2010, nilikuwa Soccer City, kile kibuyu kikubwa pembeni mwa Soweto, baridi ya Juni inauma, vuvuzela zinapasua masikio. Argentina na Mexico. Dakika ya 26 Messi akaunyanyua mpira uliorudi kutoka kwa golikipa, Carlos Tevez akaupiga kichwa, goli. Alikuwa ameotea kwa mbali, na picha ya marudio ikaonekana kwenye skrini kubwa ya uwanja. Watu zaidi ya 80,000 tukaona. Wachezaji wa Mexico wakaona, wakamzingira refa Roberto Rosetti, naye akaenda kwa msaidizi wake, wakazungumza. Goli likabaki goli, kwa sababu sheria wakati ule haikuwaruhusu kuamua kwa skrini. Argentina ikashinda 3-1. Alasiri ileile kule Bloemfontein mpira wa Frank Lampard wa Uingereza ulikuwa umevuka mstari wa goli dhidi ya Ujerumani na goli likakataliwa. Siku 2 baadaye, hapa Johannesburg, rais wa FIFA Sepp Blatter akawaomba radhi Waingereza na Wameksiko na kusema suala la teknolojia litafunguliwa upya. Mwaka 2012 teknolojia ya mstari wa goli ikapitishwa, na Kombe la Dunia la 2018 likachezwa kwa video za kumsaidia refa.

Ningependa kuwaambia kwamba Tevez ni mfano mzuri wa mmweko ulioachwa nyuma, lakini ningekuwa nawadanganya. Kosa la namna ile huzaa vibendera visivyostahili. La usiku ule lilikuwa kibendera kisichonyanyuka. Golikipa alikuwa ameshatoka golini, mpira umegonga na kurudi, hesabu ya nani ni wa mwisho imevurugika. Kilichonishika mimi ni sura ya yule mshika kibendera kwenye skrini. Watu 80,000 wanamzomea kwa kitu walichokiona kwa marudio, na yeye alikiona mara moja. Jirani yangu kwenye kiti alikuwa anapiga kelele kwamba jamaa kahongwa.

Mwaka 2019 nilikwenda Tanga kwa msiba. Yule rafiki yangu naye alikuja kuzika. Sasa ni babu, goti bovu, ana duka la vifaa vya baiskeli. Baada ya maziko tukakaa barazani, na mazungumzo yakaenda yalikokwenda. Nikaomba uzi na ufunguo wa duka lake, nikavua miwani yangu ya jua. Mjukuu wake akabembeza ufunguo. Mzee akatazama kwa kioo kimoja, akakitoa, akakirudisha, akacheka peke yake kama mtoto. Nikamweleza yote: nyota ya Innes, Kinnebrook wa watu aliyefukuzwa, Wabrazil, sentimita 80. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo wanafunzi wangu hawaliwezi.

Kisha akasema, "Kwa hiyo Profesa, lile lilikuwa goli."

Nikamwambia kwamba kisayansi siwezi kusema hivyo. Ninachoweza kusema ni kwamba jicho langu lilikuwa na sababu ya kukosea upande ule, hakuna picha ya marudio, na nilikuwa nimesimama kidogo mbele ya beki, kwa hiyo hata suala la pembe lipo.

"Wewe siku zote ulikuwa na maneno mengi," akasema, akamwambia mjukuu arudishe ufunguo mahali pake. "Mimi nilikuwapo. Nilikuwa nyuma ya beki."